Mguu wa Kushoto wa Mama Ritha

Mume wangu Ngusa aliniahidi gari la oto, akaenda Mwanza akarudi na gari la gia za mkono, kisha akawaambia watu wote wa karasha ya mawe kwamba alinifundisha kuendesha nikashindwa, kwa sababu mguu wangu wa kushoto hauna akili. Hakunifundisha hata siku moja. Hilo ndilo kosa nililotendewa, na nimeliweka hapa juu ili msomaji asifike katikati akaanza kumwonea huruma Ngusa. Maana kuna mahali mtu anaweza kumwonea huruma.

Mimi ni Scolastika, ila Katoro wananiita Mama Ritha. Shule sikuiona. Herufi nilifundishwa ukubwani na huyo huyo Ritha, mezani, akipanga njiti za kiberiti, kwa hiyo nikikosea mahali mlaumuni mwalimu.

Ngusa ni mtu wa kawaida kabisa. Si mlevi, hapigi mtu, kanisani anakwenda, na wageni wakija husifu ugali wangu mpaka naona aibu. Ubaya wake uko mdomoni, na mdomo huo hupata nguvu akizungukwa na wanaume wenzake. Akiwa peke yake na mimi ni mpole kama maziwa ya jana.

Alizaliwa Mwadui, kwenye mgodi wa almasi, ambako baba yake alikuwa mlinzi wa geti. Kazi ya mlinzi ni kufungua na kufunga, na kazi ya mtoto wa mlinzi ni kuangalia magari yakipita. Mama yake aliniambia kwamba Ngusa akiwa mdogo alikuwa hatembei, anaendesha. Akitumwa dukani alishika kijiti mkono wa kushoto, akangurumisha mdomo, na akifika kwenye kona alisimama kidogo, akasukuma kijiti, ndipo akaendelea. Nyumba yao ilikula mboga bila chumvi mara nyingi kwa sababu ya gia.

Alipokua alikuja Geita kama wengine, akashuka duarani, yale mashimo ya dhahabu, mpaka kifua kikamkatalia vumbi. Ndipo akaanza kununua mawe kwa wachimbaji na kuyapeleka karasha, kwenye mashine za kuyasaga. Mimi nilianza na marudio, yaani mchanga ambao wenye dhahabu wameshausaga na kuuchoka, sisi wanawake tunauosha upya kuona kama kuna walichosahau. Mgongo uliponiambia basi, nikahamia kwenye dagaa. Nilikuwa nawafuata Nkome, mwaloni, wanaposhushia samaki kutoka ziwani, nawanunua wakiwa bado wanakauka juu ya nyavu, nawaleta Katoro kwa magunia. Yeye alikodi magari ya watu kwa mawe yake, mimi nilikodi magari ya watu kwa dagaa wangu, na kila jioni tulilalamikia wenye magari kwa sauti moja. Hatukuwahi kupatana vizuri kama tulivyopatana katika kuwalaumu wenye magari.

Tukaamua kununua pikapu. Nusu ya gari lile ni mawe na nusu ni dagaa, na ukiingia ndani wakati wa jua kali pua yako itakuambia nusu ipi ilitangulia. Jumapili moja baada ya ibada tulikaa, Ritha akiwepo, tukakubaliana kwa maneno ya wazi: gari liwe la oto. Siku nyingine libebe mawe na Ngusa, siku nyingine liende Nkome na mimi. Oto ina vya kukanyaga viwili tu, mafuta na breki. Ningejifunza upesi, nisingemsumbua mtu.

"Oto," nikasema.

"Oto," akasema Ngusa.

"Amen," akasema Ritha, maana alikuwa bado na Biblia mkononi.

Kosa langu, kama ni kosa, ni kwamba nilimwacha apitie karasha kuaga. Pale kuna benchi mbele ya meza ya uji ya Zipora, na kwenye benchi hilo hukaa Donatus, rafiki yake, ambaye hana gari wala baiskeli lakini anajua magari yote. Zipora ndiye aliyenisimulia.

"Oto?" Donatus akamwuliza. "Ngusa, unataka kwenda kuchukua mawe au unataka kupeleka watoto ubatizo?"

"Mama Ritha naye ataendesha," Ngusa akasema.

"Ndiyo maana nakwambia. Leo ataendesha, kesho utamwomba lifti. Tena oto likifa betri, umekufa nalo. Haliwaki kwa kusukumwa. La gia, watu wawili wanasukuma, linashtuka, unaondoka. Na mbugani je? Masika ikishika, udongo mweusi ule unataka mtu anayechagua gia mwenyewe, sio gari linalojifikiria."

Wanaume wakacheka. Na Ngusa, yule mtoto wa geti mwenye kijiti, naye akacheka, na hapo gari langu likawa limeshauzwa kabla halijanunuliwa.

Alirudi na pikapu nyeupe ya kabini moja, kiti kirefu cha watu watatu, na katikati ya sakafu kimesimama chuma chenye kirungu cheusi. Nililizunguka gari nikilisifu, nikafungua mlango.

"Baba Ritha, hiki nini?"

"Gia."

"Tulisema oto."

"Mama Ritha, oto ni gari la mstaafu. Hili ni gari la kazi. Usiwe na wasiwasi, nitakufundisha."

"Lini?"

"Nitakufundisha tu."

Kila nilipomkumbusha, gari lilikuwa na mawe, au halina mafuta, au yeye kichwa kilimwuma. Masika ikapita. Siku moja Donatus akamwuliza pale kwenye benchi, mbona mama haonekani kwenye usukani. Na Ngusa, badala ya kusema ukweli kwamba hajanifundisha, alikunywa uji, akafuta mdomo, akasema, "Nimejaribu jamani. Mkono uko sawa. Mguu wa kulia uko sawa. Ila ule wa kushoto, wa klachi, hauna akili."

Neno hilo lilifika nyumbani kabla yake. Nilipokwenda sokoni, muuza nyanya aliniangalia miguuni kwanza ndipo usoni. Nkome, ambako habari hufika zikiwa zimekaushwa na kutiwa chumvi, wanawake wa mwaloni walianza kuniita Mguu. "Mguu, leo unachukua gunia ngapi?" Ritha alirudi kutoka shuleni akaniuliza kama mguu wangu unauma, maana wenzake wanasema una ugonjwa. Na dagaa wangu? Niliendelea kukodi magari ya watu huku nusu yangu ya gari imepaki karasha. Mara mbili mvua iliwakuta wakingoja usafiri, wakaharibika, nikawamwagia kuku wa watu.

Nilimwuliza Ngusa, "Ulisema hivyo?"

"Ilikuwa utani."

"Basi rudi ukawaambie ilikuwa utani."

"Utani ukielezwa unaharibika, Mama Ritha."

Mwanamke aliyeosha marudio anajua kuosha jambo moja mara nyingi bila kuchoka.

Sasa niwaeleze namna Ngusa anavyoendesha, maana hapo ndipo alipojichimbia. Biashara ya mawe ni ya simu. Mchimbaji anapiga, mwenye karasha anapiga, mtu ana mzigo, mtu hana, na wote wanapiga Ngusa akiwa barabarani. Mkono wa kulia uko kwenye usukani. Simu huishika kwa mkono wa kushoto, sikioni, kwa sababu sikio la kulia duara lilimwondokea nalo. Mkono wa gia unakuwa hauna nafasi. Hivyo kila tulipokwenda kanisani au kwenye msiba, mimi nikikaa katikati na kile chuma magotini, Ngusa alikanyaga klachi akasema, "Tatu." Nami nikavuta tatu. "Mbili." Nikatia mbili. "Nne, nne, nne... hapana bwana, nasema na mke wangu, endelea." Nikatia nne.

Alizoea mpaka akasahau kwamba ni mimi. Na mimi baada ya muda sikuhitaji kuambiwa. Niliisikia injini ikianza kulia, au ikianza kugugumia, mkono ukawa umeshafika. Gari lile lilikuwa linaendeshwa na mwanamume nusu na mwanamke nusu, na aliyesifiwa ni mmoja.

Ikabaki miguu. Kuosha gari ilikuwa kazi yangu, nayo nikaipenda ghafla. Ngusa akishakula mchana analala kama aliyepigwa, na ufunguo unabaki juu ya kabati. Nilikuwa naingia na ndoo na kitambaa, nawasha, nakanyaga klachi, natia moja, naachia taratibu, gari linasogea mpaka kwenye mpapai. Natia rivasi, linarudi mpaka kwenye choo. Mpapai, choo. Choo, mpapai. Mwanzoni lilikuwa linaruka kama mbuzi aliyeona chatu. Baadaye likawa linateleza kimya. Nililiosha gari lile mpaka jirani yangu Bhoke akaniambia, "Mama Ritha, utalitoboa rangi."

"Napenda usafi," nikamwambia.

"Naona. Na mpapai nao umepukutisha majani kwa usafi wako."

Bhoke hakusema kwa mtu. Ni Mkurya, akinyamaza amenyamaza.

Masika hii iliyopita ndugu yangu Wiliam akapiga simu kutoka nyumbani. Wazazi wangu ni wa Shinyanga, kijiji kiko ndani, mbele ya Kolandoto. Baba alishafariki, yuko Mayu, ndivyo tunavyoita mama Kisukuma. Mguu wake ulikuwa umevimba tena kuanzia gotini, umekuwa wa moto, haukunjiki. Daktari wa Kolandoto alikuwa amemwambia tangu mwanzo kwamba uvimbe ukirudi asikae nyumbani hata kidogo. Wiliam alimpakia kwenye mkokoteni wa ng'ombe, wakaenda mwendo mfupi, mtikisiko ukamfanya Mayu alie kwa sauti, jambo ambalo hatujawahi kulisikia, akamrudisha. Bodaboda ziligoma kwa ajili ya tope.

Niliogopa. Ngusa, namsema vibaya lakini hapa nasema haki, hakusita. "Twende," akasema. Ila aliingia ndani akatoka na shati lake la kitenge la harusi na viatu vyeusi, maana kumwokoa mama mkwe ni jambo moja na kufika ukweni na gari ni jambo jingine.

Njiani alipigiwa simu mpaka Kahama. "Nne. Tatu. Hapana, mawe hayo mwambie asubiri. Nne." Mkono wangu ukafanya kazi, na moyo wangu uko kwa Mayu.

Betri ilikuwa imechoka tangu Kwaresima. Ngusa alikuwa hapaki mahali pasipo mteremko, na kwa bahati kaya ya kwetu, kwa Mayu, iko juu ya kilima cha changarawe, njia inashuka moja kwa moja mpaka mbugani. Akapiga honi, akaligeuza gari likaangalia chini, akalizima kwa majivuno, akashuka. Kisha akaenda kuchuchumaa ng'ambo ya zizi.

Wasiotujua niwaeleze. Kwetu Usukumani mwanamume na mama mkwe wake hawakaribiani. Hawapeani mkono, hawali pamoja, hawakai kiti kimoja, na wakikutana njiani mmoja anapisha. Tangu anioe, Ngusa anamsalimia Mayu akiwa upande wa ng'ombe, na Mayu anaitikia akiwa amegeukia ukuta. Wanapendana sana kwa namna hiyo.

"Mwangaluka, mama," Ngusa akaita, ingawa hiyo ni salamu ya asubuhi na jua lilikuwa limeshapita utosini.

"Mwangaluka," Mayu akajibu kutoka ndani, sauti imechoka. Kisha akaniuliza mimi, "Scola, hilo gari lina vyumba vingapi?"

"Kimoja, Mayu."

"Na yeye atakaa humo humo?"

"Ndiye dereva."

"Basi sipandi."

Nilimwambia Mayu, mguu huu utakuua. Akasema kama ni kufa atakufa akiwa na heshima yake, watu wasije kusema mke wa marehemu alikwenda hospitali akiwa amefungiwa kabatini na mkwe wake. Ninamjua mama yangu. Ng'ombe unaweza kumsukuma, Mayu hapana.

Ngusa akatoa mapendekezo kutoka kule zizini. La kwanza, Mayu alale nyuma kwenye godoro, tufunike turubai.

"Nimekuwa ndama wa mnadani?" Mayu akauliza. "Mkwe yuko mbele kwenye kioo, mimi niko nyuma nimefungwa turubai?"

La pili, tutundike kitenge katikati, mimi nikae kati yao kama ukuta. Hilo Mayu alilifikiria. Wiliam akaenda kupima. Wiliam na Ngusa ni mashemeji, wanataniana bila kupumzika. Aliuchukua urefu wa mguu wa Mayu kwa fimbo ya kuchungia, akafungua mlango wa gari, akailaza fimbo kwenye kiti. Mguu haukunjiki, lazima unyooke. Mayu akikaa mlangoni ameegemea, fimbo ilipita kiti cha katikati chote, ikaishia kwenye kile kirungu cheusi.

"Dada hana pa kukaa," Wiliam akatangaza. "Na kisigino cha Mayu kitalala hapa. Sasa shemeji, nikuulize. Mkono wako utapita wapi?"

Ngusa alisimama, akasogea kidogo, akaiangalia ile gia kama vile imeota usiku wa jana.

"Nitapita juu juu," akasema.

"Moja, mbili, tatu, nne, tena tatu, tena mbili, kwa tope hili, mpaka Kolandoto? Shemeji, utafika umeshamkanda mama mkwe mguu mzima!"

Wanawake wa jirani waliokuja kumwona mgonjwa walifunika midomo kwa kanga. Ngusa akarudi zizini mbio mbio kama aliyeitwa na ndama.

"Na ingekuwa lile la oto?" Wiliam akamfuata kwa sauti. "Mkono ungepita mara ngapi?"

"Mara moja," Ngusa akajibu kabla hajafikiri. "Unaweka kabla mgonjwa hajapanda, basi, hugusi tena."

Hakuna aliyemlazimisha kusema. Kule Katoro walikaa wanaume wazima wakapima betri, wakapima mbuga, wakapima mawe, na hakuna hata mmoja aliyekumbuka kwamba Ngusa ana mama mkwe.

"Basi nitaendesha mimi," nikasema. "Mayu atanyoosha mguu, mimi ni mwanawe, nipite juu nipite chini. Baba Ritha atakaa nyuma."

"Hawezi," Ngusa akasema. "Jamani, hawezi. Klachi. Mguu wake wa..." Akakatisha.

"Mguu wake umefanyaje?" Mayu akauliza kutoka ndani.

Ngusa akageukia ng'ombe.

"Wiliam, mwulize mkwe wangu. Nilimzaa Scola na miguu miwili. Ule wa kushoto ndio ulitangulia kutoka. Ameuona una nini?"

Mwanamume aliyesema mbele ya karasha nzima sasa alikuna shingo kwa swali la kikongwe aliyelala. Hapo, ndugu msomaji, ndipo mtu anaweza kumwonea huruma. Mimi nilikuwa na mgonjwa, sikupata nafasi. Wiliam akambeba Mayu mpaka kwenye kiti, nami nikashika usukani.

Nisidanganye. Miguu yangu ilijua mpapai na choo tu. Mkono ulijua gia zote lakini haujawahi kukutana na miguu barabarani. Leseni sikuwa nayo, ninayo siku hizi. Na aliyekuwa amelala pembeni yangu, kisigino kikiwa kwenye paja langu, hakuwa gunia la dagaa. Nikishindwa, Mayu anarudi ndani na mguu wake wa moto, na neno la Ngusa linakuwa kweli milele.

Nikazungusha ufunguo. Kliki. Betri imekufa.

"Shemeji," Wiliam akasema kwa furaha kubwa, "si wanasema la gia linasukumwa?"

"Njoo tusukume."

"Mgongo wangu. Nimebeba Mayu sasa hivi."

Ngusa akakunja mikono ya shati la harusi, akaweka mabega nyuma ya gari. Mimi nikaacha ufunguo umefunguliwa, nikakanyaga klachi, nikatia mbili. Gari likaanza kushuka juu ya changarawe, taratibu, kisha si taratibu. Nikahesabu pumzi, nikaachia. Likaruka mara moja, likakohoa, likawaka.

"Limewaka!" Ngusa akapiga kelele kule nyuma, anakimbia. "Kanyaga klachi! Kanyaga klachi, breki, usimame nipande!"

Nikatoa kichwa dirishani.

"Nitakanyaga na nini, Baba Ritha? Mguu hauna akili!"

Wiliam alikaa chini palepale alipokuwa. Wanawake wa kanga waliziachia kanga. Ngusa alikimbia na viatu vyake vyeusi, kiatu kimoja kikabaki kwenye dimbwi la kwanza, akadaka ubavu wa bodi, akateleza, akaanguka kwenye dimbwi la pili kwa urefu wake wote, akainuka. Nilipunguza mwendo. Mimi si mkatili. Nilikanyaga klachi vizuri kabisa, gari likatulia likinguruma, akapanda.

Mayu hakugeuza shingo, maana mkwe haangaliwi.

"Amepanda?" akaniuliza.

"Amepanda."

"Yukoje?"

"Mweusi."

"Basi twende."

Kwenye mbuga tope lilitushika magurudumu, nikarudi mbili, nikarudi moja, nikaacha injini ilie bila kuihurumia, tukatoka. Tulipopata mahali pagumu Ngusa alianza kupiga paa kwa kiganja. "Tatu! Tia tatu!" Nilikuwa nimeshatia. Mvua ikaanza tena. Nilimsikia anahangaika na turubai, lile lile alilotaka kumfunika nalo Mayu.

Kolandoto, pale hospitali, muuguzi alitoka mbio na kiti cha magurudumu. Alipita mlango wa mbele, akampita Mayu, akaupita mguu wenyewe, akaenda nyuma. Aliona mtu amejaa tope mpaka kope, kiatu kimoja, shati la maua limeshikamana.

"Pole baba, mmepata ajali wapi?"

"Mgonjwa yuko mbele," Ngusa akasema.

"Na wewe?"

"Mimi ni mkwe."

Mayu alilazwa, akatibiwa, uvimbe ukashuka. Leo anatembea na fimbo, anafukuza kuku, na kila nikipiga simu anauliza habari za mguu wangu kabla hajaeleza za wake.

Katoro tulirudi Ngusa akiendesha. Siku iliyofuata alikwenda kwenye benchi. Zipora alimimina uji polepole ili asikose neno. Ngusa alisimulia mvua, alisimulia mbuga, alisimulia jinsi alivyokubali kukaa nyuma kwa heshima ya mama mkwe, na wazee wakampongeza.

"Na gari?" Zipora akauliza. "Nani aliendesha?"

Ngusa akapuliza uji.

"Liliendeshwa," akasema.

Siku hizi nakwenda Nkome mwenyewe. Wanawake wa mwaloni bado wananiita Mguu, ila wananiita wakitoka pembeni kunipisha. Ngusa anasema kwa watu kwamba ameniruhusu. Hayo yote nimeyaacha yapite.

Kazi moja nimeacha. Tukienda kanisani nakaa katikati kama zamani, kile chuma magotini, mikono yangu nimeikunja juu ya Biblia. Simu inalia, anaishika kwa kushoto, anakanyaga klachi.

"Tatu," anasema.

Naangalia nje, mashamba ya watu.

"Mama Ritha, tatu!" Injini inalia mpaka watu wa kando ya barabara wanageuka. "Bwana nitakupigia, hapana, subiri, tatu, Mama Ritha!"

"Unadaiwa," namwambia.

Anakata simu, anatia mwenyewe.

Anachodaiwa hakigharimu kitu. Asimame karasha, mbele ya meza ya Zipora, Donatus akiwa amekaa benchi na wale wale waliocheka wakiwa wanasikia, aseme kwa sauti ile ile aliyosemea kwanza: Sikumfundisha, nilidanganya, na mguu wa kushoto wa mke wangu una akili. Mdaiwa ni Ngusa, Baba Ritha, wa Katoro. Hajalipa.